Kinu Kisicho na Mchi

Chovya chovya humaliza buyu la asali, walinena wahenga. Methali hii aghalabu hurushiwa mbadhirifu wa mali, lakini yamwafiki vilevile mnyama mdogo asiye na macho wala miguu, ambaye hujenga nyumba yake kwa jiwe analolitoa majini. Mnyama huyo ni tumbawe. Awapo baharini huchovya asionekane kupunguza chochote, kwa kuwa buyu lile halina kitako. Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban miligramu 420 za kalsiamu, na mkondo huleta lita nyingine kabla ile ya kwanza haijapungukiwa. Mtie mnyama huyo pamoja na wenzake katika tangi la kioo la lita 400, ndani ya sebule iliyo mbali na pwani, na kabla ya wiki kwisha asali itakuwa imeshuka. Hapo ndipo mwanadamu hulazimika kutenda kwa mkono wake kazi ambayo bahari huitenda bila kuombwa.

Wapo watu, hasa Ulaya, Marekani na Japani, wanaolipenda tangi la namna hii kama mkulima apendavyo shamba lake. Matumbawe magumu yote yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mipaka ya nchi huhitaji kibali. Kwa sababu hiyo mfugaji muungwana hupendelea vipandikizi vilivyokatwa katika tangi la mwenzake. Tumbawe hukatwa na kupandwa kama muhogo: kijiti cha urefu wa kidole hubandikwa juu ya jiwe, na miaka kadhaa baadaye huwa kichaka cha kujaza karai. Kichaka hicho ndicho kilicho hatarini katika yote yatakayoelezwa hapa. Hukua kwa miaka, na huweza kufa kwa usiku mmoja.

Jiwe la tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ili kulijenga, mnyama huhitaji vitu viwili kwa pamoja, yaani kalsiamu na bikaboneti. Bikaboneti hukadiriwa kwa kipimo cha ualkali, ambacho wafugaji hukihesabu kwa digrii za Kijerumani. Bahari ina digrii 7 hivi, nao hupenda tangi liwe kati ya 7 na 9. Viwili hivi hutumika kwa uwiano mmoja: kila ualkali unaposhuka kwa digrii 2.8, kalsiamu hushuka kwa miligramu 20 katika kila lita. Anayerudisha kimoja akasahau cha pili ni sawa na mwashi aliyeletewa mawe bila chokaa.

Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens aliwazoeza wafugaji wa Ulaya kutumia maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa hukorogwa katika maji matamu, ikaachwa itulie, kisha maji maangavu ya juu yakadondoshwa tangini kufidia yale yaliyopotea kwa mvuke. Dawa hiyo ni nzuri ila ina mpaka. pH yake hupita 12, na haiwezi kutiwa kwa wingi kuliko maji yaliyovukizwa. Vichaka vikishakuwa vikubwa, chokaa haitoshi. Ndipo katika miaka ya 1990 kikaenea kutoka Ujerumani chombo kingine, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa kinu cha kalsiamu bila kumwomba mtu radhi. Wanenaji wamekwisha kulizoea neno hilo katika kinu cha nyuklia, na kabla ya hapo katika kinu cha kukamulia mafuta. Kinu hiki, hata hivyo, hakina mchi. Kinachosaga humo ni gesi.

Umbo lake ni bomba pana la plastiki lililosimama wima, likajazwa vipande vya matumbawe yaliyokufa zamani na kuoshwa vyema. Maji ya tangi huingia polepole, pampu huyazungusha humo humo mara nyingi, na gesi ya kabonidioksidi hupenyezwa kutoka kwa mtungi. Gesi ikikutana na maji hufanya asidi dhaifu, ile ile iliyomo katika chupa ya soda. pH hushuka hadi karibu 6.7 na mawe huanza kuyeyuka. Maji yatokayo upande wa pili, tone kwa tone, huwa yamebeba kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano ule ule ambao tumbawe liliutumia lilipokuwa hai. Mfu humlisha aliye hai.

Juu ya mtungi hufungwa kidhibiti cha shinikizo. Hufuata vali ya umeme, ambayo hujifunga pH ikishuka kupita kiasi. Vali ya sindano, ambayo huigawa gesi kidogo kidogo. Kichupa cha kuhesabia viputo. Na mwisho vali ya mkondo mmoja, ili maji ya chumvi yasirudi nyuma yakaila shaba. Kuviunga vyote hivi ni kazi ya saa chache. Kuvituliza ni kazi ya majuma kadhaa, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Kosa la kwanza ni la nia. Mwenye tangi lililopungukiwa hudhani kinu ndicho tiba, akakifungulia gesi kwa nguvu. Ieleweke kwamba kazi ya kinu ni kudumisha. Upungufu uliokwisha kutokea hurekebishwa kwanza kwa chumvi zilizopimwa, na ualkali usipandishwe zaidi ya digrii moja kwa siku. Baadaye mfugaji huacha kutia chochote kwa siku mbili, akipima saa ile ile kila siku, apate kujua tangi lake hula kiasi gani. Chukua mfano wa lile tangi la lita 400, na liwe linakula digrii 1.5 kwa siku. Deni lake ni 400 mara 1.5, yaani 600. Iwapo maji ya kinu yana digrii 28 na tangi lina 8, kila lita huleta faida ya 20. Deni la 600 basi hulipwa kwa lita 30 kwa siku, sawa na mililita 21 hivi kwa dakika. Jiwe linaloyeyuka ni takriban gramu 11 kwa siku, karibu kilo nne kwa mwaka. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini asiyeifanya hubaki akibahatisha kwa uhai wa viumbe.

Kosa la pili ni haraka. Kinu kina mikono miwili, wa maji na wa gesi. Anayeigusa yote miwili siku moja hatajua ni upi ulioleta matokeo. Mwenye busara huufunga mkono wa maji mahali pamoja, akaanza na kiputo kimoja kwa kila sekunde mbili au tatu, akaacha siku nzima ipite, akapima, kisha akaisogeza sindano kwa upana wa unywele. Siku inayofuata hurudia. Chombo chake muhimu kuliko vyote ni daftari, kwa kuwa tarakimu moja haisemi lolote, ilhali tarakimu ishirini zilizoandikwa kwa mfululizo huonyesha tangi linaelekea wapi. Matumbawe huvumilia ualkali wa 7, na huvumilia wa 9. Kinachoyaua ni kupelekwa huko na kurudishwa huku.

Kosa la tatu ni kuamini kupita kiasi. Chembe ya mchanga huweza kuziba mrija wa kutokea; matone yakakoma, gesi isikome. pH ya kinu huanguka, mawe hugeuka uji, na uji huzidi kuziba. Mrija ukizibuka ghafla, asidi yote humwagika tangini kwa mkupuo. Kipima pH nacho huzeeka na kuanza kusoma kombo, huku vali ikitii kila kinachosema. Ndiyo sababu husafishwa na kusawazishwa mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 7 na pH 4. Mtungi unapokaribia kwisha, baadhi ya vidhibiti huachia gesi iliyobaki kwa wingi. Aidha, ajali hizi huwa mbaya zaidi usiku, kwa sababu mwani mdogo unaoishi mwilini mwa tumbawe hausanisi chakula gizani, na pH ya tangi hushuka yenyewe. Wafugaji wazoefu huyadondosha maji ya chokaa saa hizo, dawa ya zamani ikamlinda mgonjwa dhidi ya ukali wa dawa mpya. Asiyefanya hivyo huenda akaamka akute ncha za kichaka zimekuwa nyeupe na nyama imebanduka mfupani. Hakuna chumvi ya kuirudisha miaka ile.

Kwa mwana wa pwani ya Waswahili kemia hii si ngeni. Ni kinyume cha tanuri la chokaa, au tanuu kama liitwavyo huko. Wajenzi wa Lamu, Gede na Mombasa waliyapanga matumbawe juu ya kuni wakayachoma. Moto uliifukuza gesi katika jiwe, ikabaki chokaa. Chokaa ikazimwa kwa maji na kupakwa ukutani. Nao ukuta ukaivuta gesi ile ile kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka, hata ukawa jiwe tena. Tanuu huitoa gesi kwa moto ili kupata chokaa, kinu huiongeza kwa maji ili kuyeyusha jiwe. Vitu ni vile vile vitatu: jiwe, maji na gesi. Mwanafunzi anayedai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kuisema kemia hajawahi kuketi na mchoma chokaa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo kinu hufundisha. Yale yanayotendwa ndani ya bomba lile kwa makusudi yanatendeka baharini bila kukusudiwa. Gesi itokayo katika makaa, mafuta na misitu inayochomwa huingia majini, na pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1 tangu enzi ya viwanda ianze. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa asiyejua kipimo chenyewe: ni ongezeko la asidi la karibu robo. Bahari haijawa kinu, lakini kazi ya kujenga jiwe imekuwa ngumu kuliko zamani. Juu ya hilo kuna joto, adui wa namna nyingine, ambalo mwaka 1998 lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza mpauko wa nne wa dunia nzima.

Kisiwani Wasini, kusini mwa pwani hiyo, wanakijiji wamekuwa wakipandikiza vijiti vya matumbawe baharini kwa mtindo ule ule wa muhogo. Hawahitaji mtungi wala sindano, kwa maana mkondo huwaletea kalsiamu bure. Wanachohitaji ni maji yabaki yalivyokuwa. Uzito wa maneno hayo machache waeleweka vyema na mfugaji wa sebuleni, aliyekesha akihesabu viputo ili lita 400 tu zisibadilike. Naye ana nafuu moja: gesi ikizidi, huifunga kwa vidole viwili. Mtungi unaoilisha bahari umeshikwa na mikono ya mataifa yote, na kila mmoja humngoja mwenzake aanze kufunga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, hufundishwa kila mtoto wa shule. Katika habari hii ukuta wenyewe ni wa matumbawe, na fundi ajuaye kuujenga ni mmoja tu.