Otogaida kwanza, darubini kubwa baadaye

Kimya changu kina sababu: nilikuwa nadunduliza. Mishahara ya vyumba vya habari mnaijua. Sasa fedha imetimia, na marafiki wananishauri ninunue darubini kubwa zaidi. Mimi nataka otogaida, kidude ambacho hata ukikiweka mezani mgeni hatakiulizia.

Kwa nini? Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota huonekana kusogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa. Kwa darubini yangu ya milimita 400 na kamera yenye pikseli za maikroni 3.75, nyota huvuka karibu pikseli 8 kwa sekunde. Kitako chenye mota huifuata, ila gia zake zinawahi kidogo, zinachelewa kidogo. Acha kamera wazi dakika 5, nyota zinatoka kama punje za mchele. Darubini kubwa itaukuza mchele huo tu.

Otogaida ni jicho la pili: kamera ndogo inakodolea nyota moja, ikihama tu programu inaiamuru mota irekebishe. Zamani kazi hii ilikuwa ya binadamu. E. E. Barnard alipopiga picha za Njia ya Maziwa kule Lick Observatory, California, mwaka 1889, alikaa saa kadhaa akiiongoza darubini kwa jicho na mkono wake.

Ziko aina mbili. Moja ni kidarubini kinachofungwa ubavuni: rahisi, nyota zinapatikana bila shida, lakini skrubu zikilegea kinainama peke yake na picha inaharibika. Nyingine ina prizimu inayochota mwanga ndani ya darubini ile ile. Haina tatizo la kuinama, ila inaona kipande kidogo cha anga. Ningekuwa na darubini ya milimita 2000 ningechukua ya prizimu. Kwa milimita 400, kidarubini cha milimita 120 na kamera ya nyeusi na nyeupe vinatosha, maana programu hupima hata sehemu ndogo ya pikseli. PHD2, programu yenyewe, ni ya bure.

Halafu sisi wa Dar tuna letu. Polaris iko chini ya upeo wetu. Sigma Octantis ya kusini iko juu kama digrii 7 tu, tena imefifia, taa za jiji zinaimeza. Kitako tunakilenga kwa kupima nyota inavyohama, na kipimo hicho anatupa otogaida huyo huyo.

Mama ananiuliza picha za nyota nitamuuzia nani. Jibu la soko sina. Ila Kilimia, ambacho wazee walikitazama wajue msimu wa kulima, picha zake nzuri nilizoziona karibu zote zimepigwa Ulaya na Marekani. Nataka moja iliyopigwa hapa kwetu, nyota zake zikiwa duara.

Darubini kubwa isubiri. Nyie mngefanyaje?