Simu ya fundi, ngoma ya Wasukuma

Huku Kahama ninakoshonea, nusu ya maharusi wangu hawajawahi kukanyaga kibandani kwangu. Wako Geita, Katoro, wengine Shinyanga mjini. Wananiona kwenye simu, wananitumia vipimo, nguo inapanda basi. Kwa hiyo kikundi kidogo cha ngoma mtaani kwetu kilipotaka kuingia mtandaoni, kilinijia mie, mtu wa pwani na mabuibui yangu. Nilicheka, nikakubali.

Kuvuta watu, Wasukuma hawafundishwi. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu enzi za mababu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Ndiyo maana wakaleta chatu, fisi na kila kioja. Mwezi wa sita, kwenye sherehe ya Bulabo kule Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement, watu hukimbia upande huu na ule. Hiyo ndiyo mitandao, tena kabla ya bando!

Kwa kikundi chetu tatizo lilikuwa kuweka vitu vizuri. Video zilikuwa nyingi, giza tupu, hazina jina la ngoma wala la mtungaji. Moja mtu aliichukua, akaipachika muziki mwingine, ikazunguka mpaka ikaturudia kama ngoma ya mkoa mwingine. Tukaanza na yale ninayofanya kwa gauni: futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, jua liwe mgongoni kwako, video isizidi dakika moja maana bando ni pesa. Kisha daftari: jina la wimbo, katunga nani, wapi, karuhusu nani. Daftari liliwachosha vijana, na ndilo nililoling'ang'ania.

Ruhusa siifanyii mzaha. Uso wa bibi harusi wangu siurushi. Napiga gauni likiwa limetundikwa, na akikataa hata hilo, basi. Wazee nao wana yao: dawa za ngoma hazipigwi picha. Kijana mmoja alisema hizo ndizo zingevuta watazamaji. Kweli zingevuta. Hatukupiga.

Halafu kuna mayu mmoja, macho yameshafifia, ambaye kila mpangilio wa shanga anaujua kwa jina la Kisukuma. Hapa mtaani hakuna mwingine. Tulimrekodi sauti tu, kwa lugha yake, mjukuu akaeleza kwa Kiswahili. Nikasema tuitume kwanza kwenye kundi la WhatsApp la familia yake. Wajukuu wengine wanauza chakula machimboni Geita. Jioni ile ile maswali yakaja. Bibi, huo mstari mwekundu unaitwaje tena? Bibi harusi alivaa shingoni au kiunoni? Mayu akajibu mpaka simu ikaisha chaji. Wanaotaka kuanza na watalii wa Ulaya wana haraka zao. Kwangu mie, watazamaji wa kwanza ni hawa.

Sasa tuna sauti kumi na moja kwenye memori kadi, na nakala kwenye simu ya katibu. Shanga za njano bado. Mayu amesema Alhamisi, nami mpaka hapo nitakuwa nimemaliza shela la mteja wa Katoro, inshaAllah.