MARASHI JUU YA HARUFU YA RANGI



Leo nataka nikusimulie aibu yangu mwenyewe, kwani aibu ya mtu akiisimulia mwenyewe huwa somo, na wakiisimulia wengine huwa ni kusengenya.

Nyumba yetu iko Kariakoo. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, katika zile chache ambazo ghorofa hazijazimeza: ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Wewe uliyelelewa katika nyumba kama hii wajua kwamba anayekaanga samaki uani, nyumba nzima ina habari. Vyumba viwili twakaa sisi, na vinne wamo wapangaji.

Mwaka 2024 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia tarehe 10 Aprili, katikati ya masika, na masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Nilikuwa nangojea wageni kutoka Tanga na Unguja. Basi kumi la mwisho la Ramadhani, wakati wenzangu wamo msikitini, mimi nilikuwa madukani nauliza bei za rangi. Nilitaka ukumbi upakwe rangi ya maji juu, na chini rangi ya mafuta, ili mikono ya watoto ifutike. Fundi aliniambia, "Mzee, ukuta una unyevu, tungoje jua." Nikamjibu kwamba Idi haingoji. Mkono wa pili ukapakwa kabla ya ule wa kwanza haujakauka, na kwa kubana fedha rangi ya mafuta ikazimuliwa kwa petroli.

Baada ya futari akanijia mpangaji, mama kijana mwenye mtoto wa miaka minne anayeugua pumu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, samahani. Harufu inatushinda, na mtoto ameanza kukohoa. Kama ingewezekana, milango ya ukumbi iachwe wazi usiku huu."

Nikamwambia, "Na wezi je? Vumilia mwanangu, rangi ni ya siku mbili tu. Tutafukiza udi." Ndugu msomaji, maneno yale yalikuwa laini, lakini ndani yake mlikuwa na jambo moja tu: nyumba ni yangu.

Mke wangu akaja na chetezo chenye makaa mekundu. Fundi alikuwa bado anakusanya brashi zake, alipoona moto alipiga kelele, "Mama, rudisha nje! Humu mna petroli!" Kweli alituokoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini bila kuonekana, na kaa moja latosha kuteketeza nyumba. Lakini mimi sikuzindukana. Alipoondoka, nilichukua mrashi, nikanyunyiza marashi ukumbi mzima, nikafunga milango, nikalala.

Saa nane za usiku mlango wangu uligongwa. Mtoto alikuwa hawezi kuvuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu akatulia kabla ya alfajiri. Daktari hakuniuliza rangi niliinunua kwa bei gani. Alisema tu kwamba mtoto asirudi nyumba ile mpaka rangi ikauke.

Nilijifunza kwa kuchelewa yale ambayo fundi aliyajua tangu mwanzo. Rangi ya mafuta hukauka mara mbili. Kwanza kile kilichoizimua hupaa hewani, na hicho ndicho kinachouma macho na kuleta kichwa kuuma. Kisha mafuta yenyewe hugandishwa na hewa, polepole, kwa siku na hata majuma. Juu yaweza kuwa kavu kwa kidole, na chini bado mbichi. Ukipaka mkono juu ya mkono mbichi, umeifungia harufu ndani, nayo itatoka kidogo kidogo. Masika huzidisha taabu hiyo. Rangi ya maji nayo, ikikaa sana mkebeni au ikichanganywa na maji machafu, huoza, na ukuta hunuka uvundo. Hiyo dawa yake ni kuikwangua.

Wako wanaoweka vitunguu vilivyokatwa. Vitunguu hufunika harufu kwa harufu. Mkaa mkavu husharabu kidogo, lakini haufui dafu mbele ya hewa. Dawa ni upepo: dirisha la huku na mlango wa kule, ili upepo upite, na wenye pumu, wajawazito na watoto walale kwingine. Wala usikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Lowesha ukuta kwanza, na watoto wawe mbali. Risasi hiyo haina harufu yoyote.

Asubuhi ile nilimwomba mama yule radhi mbele ya wapangaji wote, nikawapeleka kwa dada yangu Kigamboni. Tulisimama Magogoni kungoja pantoni. Upepo wa bahari ulikuwa ukivuma, na harufu ya samaki wa Feri imejaa tele. Mtoto akalaza kichwa begani mwa mama yake, akapumua taratibu, akalala. Mama akasema, "Hapa baba, hata pakinuka, pana hewa." Sikuwa na jibu.

Ewe msomaji, Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asikaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe. Kitunguu ni chakula cha halali, na harufu yake ni ya saa chache. Basi itakuwaje kwa mimi niliyewafungia jirani zangu sumu usiku kucha, ndani ya mwezi mtukufu, ili wageni wa siku moja wausifu ukuta wangu?

Wageni walikuja, wakausifu. Kila sifa ilinichoma. Mama yule na mwanawe walikula Idi ng'ambo ya maji.

Tangu hapo, nikitaka kurembesha nyumba, huuliza kwanza nani analala nyuma ya ukuta. Na nikijiona nanyoosha mkono kuchukua mrashi, hujiuliza: ninachokifunika ni nini? Nawe jiulize.

Wabillahi tawfiq.