Mtoto Aliyehesabu 31

Nataka kuwapasha habari ya kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha jambo ambalo sisi walimu twasahau upesi.

Siku moja nilichora duara ubaoni, nikatia nukta ukingoni mwake, nikaziunganisha zote kwa mistari iliyonyoka. Kwa nukta moja, duara ni sehemu 1. Nukta mbili, sehemu 2. Nukta tatu, 4. Nukta nne, 8. Nukta tano, 16. Nikauliza, "Na nukta sita, je?" Wote wakaitika, "32!" Nikafurahi, nikawaambia wachore wajionee. Wengi waliandika 32 pasipo kuhesabu.

Mtoto mmoja akainuka, akasema, "Mwalimu, mimi naona 31." Nikamwambia amekosa, arudie. Akarudia, akapata 31 tena. Hapo nikamkemea mbele ya wenzake kwamba hana makini. Naye akaketi, machozi yakimlengalenga.

Usiku ule nilichora mwenyewe penye taa, nikiangalia sana mistari mitatu isikutane mahali pamoja. Nikahesabu mara tatu: 31. Ndipo nikatafuta sababu. Duara tupu ni sehemu 1. Kila mstari huongeza sehemu moja, na kila mahali mistari miwili inapokatana ndani huongeza moja tena. Nukta sita zina mistari 15 na makutano 15. Jumla yake ni 31. Kumbe ile desturi ya kuzidisha kwa mbili haikuwa sheria hata kidogo.

Asubuhi nilimtaka radhi mtoto yule mbele ya darasa zima. Kisha nikamwaga kokoto mezani. Tuliweka 1, tukaongeza 3, zikawa 4, tukaongeza 5, zikawa 9, na kila mara zilipangika mraba. Yule mtoto akauliza, "Mwalimu, hii nayo haitatugeuka kama ile ya jana?"

Nikafurahi kwa swali hilo, nikamwachia kokoto. Akaona mwenyewe kwamba mraba wowote hukua kwa safu moja kando, safu moja chini, na kokoto 1 penye pembe. Nyongeza hiyo ni upande mara mbili na 1, nayo ndiyo witiri inayofuata. Hatua ya kwanza ni kweli, na kila hatua huizaa ile iliyo mbele yake. Basi hakuna mahali pa kukatika, hata tukihesabu maelfu.

Wazee husema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu si mvua. Mifano mitano ilinipa haki ya kudhani tu. Haikunipa haki ya kumkemea aliyehesabu. Walimu wenzangu, na ninyi wazazi, mtoto akileta jibu lisilofanana na letu, tuketi tuhesabu pamoja naye kwanza.