Komarock: Pikipiki Kuukuu Usiivamie

Ukishuka Komarock kutoka Barabara ya Kangundo, utawakuta vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Ukishawishika kununua pikipiki kuukuu huku, usivutwe na rangi. Azima mita kwa fundi, upime betri injini ikiwa imezimwa. Iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Kisha washa, piga resi kidogo. Ikikaribia 14, chaji inaingia. Ikibaki 12, hitilafu huenda iko kwenye koili, rektifaya au nyaya, na betri mpya nayo itakufa vivyo hivyo.

Fyuzi je? Wapo wanaoiziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Mkatalie fundi huyo. Waya ukipata moto, huwaka chini ya tangi la petroli, nawe umempakia mtoto wa shule.