Kufuli

Mama alipofariki alituachia vyumba vitatu Mbagala, na mimi nikawa "mwenye nyumba". Mpangaji wa chumba cha mbele ana miezi minne hajalipa. Kaka kaniambia, "Nunua kufuli, vyombo toa nje, yaishe."

Nikautoa mkataba: ukurasa mmoja, muhuri wa serikali ya mtaa, notisi ya siku 30, basi. Kufuli halimo. Haki ninayo, ya kudai kodi na kurudishiwa chumba. Lakini akigoma kutoka, njia ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siyo mabavu.

Mwaka 2009, nikiwa chuo, nilikuta godoro langu mvuani. Nilikuwa nadaiwa kweli.

Jana nimeandika notisi. Mkono ulikuwa mzito, ila nimeandika.