Pakiti ya Mia

Jumatano, 20 Julai 2022

Rais Uhuru Kenyatta ametangaza kwamba pakiti ya unga wa sembe ya kilo mbili itauzwa shilingi 100 kwa wiki nne. Imekuwa ikiuzwa 205, kwingine zaidi. Ushuru wa reli na ada ya uagizaji vimeondolewa kwa mahindi ya nje, na serikali itawafidia wenye viwanda vya kusaga. Hapa Kisauni, Mombasa, vigelegele vimesikika hadi barabarani. Nami nimefurahi kwa dhati. Huko Kilifi na Tana River mvua zimekatika msimu baada ya msimu, na kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku.

Alhamisi, 21 Julai

Wateja wamenikuta nikifungua mlango wa duka langu. Mama mmoja anayelea wajukuu ameweka noti ya mia kwenye kaunta, akainyoosha kwa kiganja, akangoja.

"Mwanangu, rais kasema mia."

"Ni kweli, mama. Lakini unga huu niliununua kwa bei ya zamani. Nikikuuzia mia, sitakuwa na mtaji wa kuleta mwingine."

Hakubishana. Amechukua nusu kilo ya unga wa kupima na chumvi.

Jumatatu, 1 Agosti

Beli la unga la bei mpya halijafika hata moja. Ajenti anasema kiasi kidogo kinachotoka viwandani kinaishia kwenye maduka makubwa. Sishangai. Gunia la mahindi la kilo 90 limepita shilingi 5,000, na ukilikoboa hadi sembe nyeupe hupati zaidi ya pakiti 30 hivi. Mahindi peke yake ni zaidi ya shilingi 160 kwa pakiti, kabla ya umeme, mifuko na lori. Nani atasaga kwa wingi auze kwa mia, na hajui fidia italipwa lini?

Alhamisi, 4 Agosti

Supermaketi ya mjini wanatoa pakiti mbili kwa kila mtu, zikiisha basi. Foleni ilikuwa ya watu wenye nafasi asubuhi, na wengine wamekuja kwa gari. Kibarua wa mjengo aliyetoka nyumbani alfajiri hawezi kusimama pale. Hili ndilo linaloniuma zaidi: nafuu iliyotolewa kwa jina lake imemruka yeye.

Jumapili, 7 Agosti

Kaka, anayelima mahindi, amepiga simu kutoka Kitale. Uchaguzi ni keshokutwa, naye anakumbuka 2017: Agosti ya uchaguzi vilevile, unga wa shilingi 90, mahindi yakashushwa kutoka Mexico. Mahindi yake aliyauza Desemba ili alipe karo, kwa karibu nusu ya bei ya leo, kwa hiyo bei hii kali haimnufaishi chochote. Anachohofia ni mahindi yasiyotozwa ushuru kuingia wakati yeye anavuna. Mbolea aliyoweka shambani aliinunua zaidi ya 6,000 mfuko.

Jumanne, 13 Septemba

William Ruto ameapishwa kuwa rais, Kasarani. Amesema ruzuku ya unga imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu, na kwamba mbolea itashuka kutoka 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kuhusu unga namuunga mkono, kwa sababu rafu zangu nimeziona. Lakini mbolea ya leo ni mahindi ya mwakani, na watoto wanataka sima usiku huu.

Tayari kuna Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Bilioni 7 zingewalipa watu milioni tatu na nusu kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Wangenunua unga duka lolote, kwa bei yake halisi, bila foleni, na kiwanda kisingekuwa na sababu ya kusaga kidogo.

Jumatano, 14 Septemba

Kaka ameuliza mbolea ya 3,500 itafika lini. Anaitaka mkononi kabla ya kupanda Machi. Nimemwambia aende mwenyewe bohari ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, akaulize, asingoje redio.